Tamthilia ina vipengele vyote, mbona jukwaani imepooza?

Mleta mada, umesema andiko la kikundi chenu lina ploti (msuko wa matukio), wahusika, dhamira, mandhari na lugha kama mlivyofundishwa darasani, ila kwenye mazoezi linapooza, na unauliza kipengele gani kimekosekana. Kwa maelezo yako, hakuna. Orodha ile ni ya mhakiki anayeuchambua mchezo uliokwisha kuandikwa. Anayeandika au kuongoza anahitaji kwanza jibu la swali jingine: nani anataka nini kutoka kwa nani, sasa hivi, na nani anamzuia?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja sehemu 6 za tanzia, yaani mchezo wa huzuni: msuko wa matukio, tabia, fikra, lugha, muziki na yale yanayoonekana kwa macho. Msuko aliuweka wa kwanza, akauita roho ya tanzia, kwa kuwa tanzia huiga tendo. Vikundi vingi huanzia upande wa pili: maleba (mavazi ya kuigizia) yanashonwa, ngoma inachaguliwa, halafu ndipo watu wanajiuliza kisa ni nini.

Chukua mfano huu wa kubuni. Hamisi anataka kuuza kiwanja cha marehemu baba yao. Hati iko kwa dada yake, Mwajuma, naye hataki kiuzwe. Waandishi wengi wangeanza hivi:

HAMISI: Dada, kama unavyojua, baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia kiwanja, na hati unayo wewe.

Mwajuma anayajua yote hayo. Hamisi anaihutubia hadhira huku akijifanya anazungumza na dada yake, na hadhira hulihisi jambo hilo mara moja. Sasa sikiliza hii:

HAMISI: Sanduku la baba umelihamishia wapi?
MWAJUMA: Chai inapoa.
HAMISI: Nimeuliza sanduku.
MWAJUMA: Na mimi nimesema chai inapoa.

Hakuna aliyeeleza kitu, lakini tumejua kuna sanduku, ndani yake mna kitu cha thamani, dada analilinda na kaka ameshaanza kukosa subira. Mazungumzo ya jukwaani ni vitendo. Chukueni penseli, pembeni ya kila kauli andikeni kitenzi kimoja: anabembeleza, anakwepa, anatisha, anapima, anadai. Kauli 3 mfululizo zikipata kitenzi "anaeleza", hapo ndipo mchezo unapofia. Zikateni, au mpeni msikilizaji sababu ya kuzipinga.

Kipimo hicho kitumieni hata kwa onyesho zima. Aliyeingia na nguvu atoke ameipoteza, au aliyekuwa na siri atoke imejulikana. Onyesho ambalo ukiliondoa linalofuata bado linaeleweka, liondoe, hata kama lina utani mzuri kuliko yote.

Kuhusu taharuki, wengi huificha habari kubwa hadi mwisho wakidhani ndiyo njia ya kuwashika watazamaji. Tuseme Hamisi amekwisha kula arbuni (malipo ya awali) ya mnunuzi. Mkiificha hadi onyesho la mwisho, hadhira itashtuka mara moja, basi. Mkiionyesha mapema, Mwajuma akiwa hajui, kila salamu ya Hamisi inakuwa nzito na kila hodi mlangoni inatisha. Hicho ndicho kinaya cha kidrama, na hakigharimu taa wala pazia.

Kilele nacho hudhaniwa ni mahali pa kelele nyingi. Kilele ni pale mhusika mkuu anapochagua jambo asiloweza kulirudisha nyuma. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969 na kujengwa juu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, Wajerumani wanamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yake, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi, yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa yeye mwenyewe alikwisha kuona kuwa neno lake limekua likamzidi. Anayetendewa nguvu pale ni mfungwa, lakini uamuzi wote uko mikononi mwake. Someni sehemu hiyo kwa sauti mkitafuta vitenzi vya penseli, mtaona jinsi kila kauli inavyombana.

Dhamira itokane na gharama anayolipa mhusika. Mzee anayeingia dakika ya mwisho kutoa mawaidha kuhusu tamaa anaonyesha kuwa mwandishi hakuyaamini matukio yake. Mfuteni. Vivyo hivyo, mtu akizungumza peke yake jukwaani, awe anaamua jambo, si kutupa taarifa.

Vipimo: ukurasa mmoja wa majibizano, kwa herufi za ukubwa wa 12 na jina la msemaji kwenye mstari wake, huchukua takriban dakika moja. Mchezo wa dakika 30 uandikeni kurasa 24 hadi 26, kwa kuwa nyimbo na mwendo hula muda. Wahusika 5 hadi 7 na maonyesho 4 au 5 vinatosha. Kila badiliko la mandhari lisizidi sekunde 15, la sivyo watu wanaanza kuongea. Anayebadili maleba apewe angalau ukurasa mzima wa kauli za wenzake, au avae vazi la pili chini ya la kwanza.

Maelekezo ya jukwaa yataje kinachoonekana au kusikika tu. "Anakumbuka utoto wake" hakiigiziki. "Anaokota kiatu cha mtoto, anakirudisha kilipokuwa" kinaigizika, na hadhira itaupata huo utoto yenyewe.

Sauti ndiyo inayoharibu michezo mingi ya Kiswahili. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo waigizaji huimeza silabi ya mwisho, na mara nyingi maana imo humo: "alipiga" na "alipigwa" hutofautiana mwishoni tu. Fanyeni zoezi la kusema kauli zote huku mwongozaji akiwa kiti cha nyuma kabisa; akikosa mwisho wa neno, irudiwe.

Kwa ratiba ya wiki 4, wiki ya kwanza someni mkiwa mmekaa na kuweka vitenzi. Ya pili pangeni mwendo: nani anaingia wapi, anasimama wapi, na asisogee bila sababu. Msipange mstari mmoja kama kwaya, maana uso wa anayejibiwa hauonekani. Ya tatu wekeni karatasi chini. Ya nne pitieni mchezo mzima kwa maleba na vifaa halisi angalau mara 2, bila kusimama hata mtu akisahau kauli, ili wenzake wajifunze kumwokoa kwa kuuliza swali linalomrudisha kwenye mstari.