"Clumsy" si mzembe: maana ya neno hili na namna ya kulitumia

Swali lilikuwa hivi: je, "clumsy" ndiyo "mzembe", na je, ni sahihi kuandika "I am clumsy of this work"? Yote mawili hapana, ila sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu, maana ukizielewa hutahitaji kukariri kanuni.

Mzembe ni mtu ambaye angeweza kufanya vizuri lakini hajali. Huyo kwa Kiingereza ni "careless". "Clumsy" ni mtu anayejali na kujitahidi, ila mikono au miguu haimtii. Chukua mtu aliyebeba sinia la glasi. Kama amelishika kwa mkono mmoja huku anachati kwenye simu na glasi zikaanguka, amekuwa "careless". Kama amelishika kwa mikono miwili, macho yote kwenye glasi, na bado kiwiko chake kikagonga fremu ya mlango, amekuwa "clumsy". Vioo sakafuni ni vilevile, lakini neno la kwanza linamlaumu na la pili linaeleza tu jinsi mwili ulivyomwangusha. Kwa hiyo angalia sana unapoandika barua ya kuomba radhi kazini: "I was careless" ni kukiri kwamba hukujali. Kama ukweli ni kwamba mkono uliteleza, usijitwishe kosa lisilo lako.

Neno lenyewe linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karibu mwaka 1600, na limetokana na kitenzi cha kale "clumsen", yaani kufa ganzi, hasa kwa baridi. Mimi naona asili hii inafundisha kuliko tafsiri yoyote: ni vidole vyenye ganzi vinavyohangaika kufunga kifungo cha shati. Nia ipo, vidole havifuati.

Sasa matumizi. Hiki ni kivumishi, na kinachowasumbua wengi ni kile kineno kinachokifuata. Kwa kitu unachokishika, tumia "with": "He is clumsy with a needle". Kwa kazi au kitendo, tumia "at": "She is clumsy at tying knots". "Of" ina kazi nyingine kabisa, inamtaja mwenye kitendo: "How clumsy of me!" Hayo ndiyo maneno ya kusema papo hapo ukimwagia mtu chai. Ndiyo maana "clumsy of this work" haisimami, kwa kuwa kazi haina mikono ya kukosea. Tena angalia tofauti hii: "How clumsy of me" inahusu tukio moja lililotokea sasa hivi, lakini "I am clumsy" inasema ndivyo ulivyo siku zote. Kwenye usaili wa kazi ya maabara, sentensi hiyo ya pili inaweza kukuharibia.

Tahajia: "y" inageuka "i" katika "clumsier", "clumsiest", "clumsily" na "clumsiness". "Clumsyness" ni kosa. Matamshi ni "klamzi", kwa "z", mkazo ukiwa mwanzoni.

Neno halikomei kwa watu. "A clumsy tool" ni kifaa kizito kisichokaa vizuri mkononi. "A clumsy sentence" ni sentensi inayojikwaa yenyewe. "A clumsy apology" ni radhi ya dhati iliyotolewa kwa maneno yasiyofaa, na hapo maana ya msingi inaonekana tena: nia nzuri, utekelezaji mbovu.

Wengi huchanganya "clumsy" na "awkward". Yanakutana kwenye mwendo wa mwili, lakini "awkward" linabeba pia ile hali ya watu kukosa raha. Ukimya baada ya mtu kuuliza swali la aibu ni "an awkward silence". Huwezi kusema "a clumsy silence", kwa sababu hakuna kitendo kilichokosewa.

Kwa mazungumzo ya kawaida, Wamarekani wana "klutz", nomino iliyotoka Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya), ambako maana yake ni gogo. "Butterfingers" ni kwa anayeangusha vitu au kushindwa kudaka mpira, si kwa anayejikwaa. Ina "s" hata kwa mtu mmoja: "He's such a butterfingers". Waingereza husema pia "cack-handed", lakini liepuke, maana hutumika vilevile kwa watu wa mkono wa kushoto na linaweza kuwaudhi.

Kujiita "clumsy" mwenyewe hakuna shida. Kumwita mwingine hivyo kunauma, hasa mtoto. Zamani hata madaktari walisema "clumsy child syndrome". Jina hilo limeachwa, na siku hizi hali hiyo huitwa "developmental coordination disorder", au kwa wengi dispraksia. Ni tatizo halisi la kuratibu mwendo, wala si uvivu. Kwa hiyo mwalimu anayeandika ripoti kwa Kiingereza asiandike "He is clumsy". Aandike anachokiona: "He finds buttons and shoelaces difficult", au "He often bumps into desks". Mzazi atajua pa kuanzia, na daktari atapata kitu cha kuchunguza.