Mlango uliachwa wazi saa nane usiku, mbona grafu haionyeshi?

Swali: Ninatunza chumba baridi cha samaki karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu. Usiku wa kuamkia Jumatano vijana wa kupakia waliacha mlango wazi tangu saa nane hadi saa tisa na nusu. Mlinzi aliwaona, na asubuhi sangara walikuwa wamelegea. Kijana aliyetuwekea kipimajoto alituachia Grafana, programu ya kuchora vipimo kama grafu, nami huifungua kwa simu. Nikitazama Jumatano saa nane usiku, mstari umelala tu. Mwenye mali sasa anasema mlinzi anawasingizia wenzake. Nianzie wapi, fundi?

Jibu: Ndugu yangu, mlinzi msimhukumu bado. Angalia kwanza juu kulia, penye alama ya saa. Hapo pameandikwa muda unaotazamwa, kwa mfano "Last 30 days". Malalamiko mengi ninayoletewa hapa Nakuru kuhusu grafu "zinazodanganya" huishia kwenye kitufe hicho.

Je, kando ya muda huo kuna herufi UTC, yaani saa ya kimataifa? Kama zipo, umepata nusu ya jibu. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa 3. Saa nane usiku, ambayo simu yako huiandika 02:00, kwa UTC ni 23:00, tena ya Jumanne. Saa tisa na nusu inakuwa 00:30. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tukio imekaa kwenye tarehe ambayo hukuifungua. Na ukiisoma saa nane yetu kama 08:00, utakuwa umepotea zaidi. Gusa huo muda, shuka hadi "Change time settings", kisha uchague Africa/Nairobi.

Nusu ya pili ndiyo inayowaponza wengi. Grafana huwa haichori kila kipimo kilichohifadhiwa. Hutazama upana wa paneli, yaani kisanduku cha grafu, kwa pikseli (vidoti vya skrini), ikagawa muda uliochagua kwa upana huo, na kwa kawaida hapo ndipo hifadhidata huombwa wastani wa kila kipande. Siku 30 ni dakika 43,200. Kwenye simu yenye paneli ya pikseli 360, kila nukta inabeba dakika 120.

Tuseme joto lilipanda kutoka nyuzi 2 hadi 10, likakaa hapo dakika zote 90. Kipande cha 22:00 hadi 00:00 kwa UTC kina saa moja ya 2 na saa moja ya 10, basi wastani wake ni 6. Kinachofuata kina dakika 30 za 10 na dakika 90 za 2, basi wastani ni 4. Ile 10 iliyolegeza samaki haionekani popote, ingawa kipimajoto kiliipima na hifadhidata inayo.

Kwa hiyo bana muda. Fungua kalenda kwenye kitufe kilekile, uweke kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatano, yaani 00:00 hadi 06:00 kwa saa za Nairobi. Ukipata kompyuta, hata ya saiba, ni rahisi zaidi: shika kipanya, buruta juu ya sehemu ya grafu unayoitilia shaka, nayo itapanuka.

Ukishauona mlima huo, chukua ushahidi. Fungua nukta tatu kwenye kona ya paneli, "Inspect", kisha "Data", upakue faili ya CSV ambayo mwenye mali ataifungua kwa Excel. Usipakue kabla ya kubana muda, kwa sababu faili hutoka na data ileile iliyochora grafu. Ukipakua ya siku 30, utampelekea ile 6 na ile 4, na mlinzi ataonekana mwongo kwa maandishi.

Kisha mpigie simu kijana aliyewawekea mtambo. Kwa samaki, wastani wa joto haukusaidii. Mwambie paneli ionyeshe kiwango cha juu kabisa cha kila kipande. Aihifadhi dashibodi, yaani ukurasa wa grafu zenu, ikiwa na saa za Nairobi, na aweke tahadhari ya kukutumia ujumbe joto likivuka nyuzi 4 kwa dakika 10 mfululizo, ili siku nyingine uamke wewe ukafunge mlango huo.