Jibu: Je, tau ni sumu tu, au ina kazi kwenye ubongo?

Ndugu, umeuliza kama protini ya tau ipo tu kwa ajili ya kuleta ugonjwa wa Alzheimer. Hapana, hata ubongo wenye afya unaitumia kila siku.

Seli ya neva ina mkia mrefu uitwao aksoni. Ule unaotoka uti wa mgongo hadi mguuni hukaribia mita 1. Ndani yake mna vijibomba vyembamba, mikrotubuli, ambavyo mitokondria (vinu vya nishati vya seli) na vifuko vya kemikali husafirishwa juu yake kama mizigo relini. Tau hujishikiza kwenye vijibomba hivyo na kuvisaidia kujijenga. Ndivyo ilivyogunduliwa mwaka 1975 katika maabara ya Marc Kirschner. Pia huathiri usafiri wenyewe: ikijaa mno, kinesini, protini inayobeba mizigo, hubanduka njiani.

Kinachoamua kama tau itashika au itaachia ni fosfeti, vikundi vidogo vya kemikali vyenye fosforasi. Seli huzibandika kwenye tau ili ilegeze mshiko, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Zikizidi, tau huachia mikrotubuli na kushikamana yenyewe kwa yenyewe hadi kuwa mafundo, yale aliyoyaeleza daktari Alois Alzheimer mwaka 1906.

Jambo linalonivutia zaidi: panya waliozalishwa bila tau huishi, pengine kwa sababu protini nyingine za jamii hiyo huziba pengo. Hata hivyo, katika baadhi ya tafiti walipata matatizo ya mwendo walipozeeka. Ndiyo maana naona ni busara wanaotafuta dawa walenge kuipunguza tau, wasiifute kabisa.