Tulikwenda Wuppertal kufundisha kipaimara

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Nani kati yenu alihama nchi kikazi akiwa amekwisha kustaafu, na siku zake zilipitaje huko?” Mimi na mzee wangu tulihama. Yeye mchungaji, mimi mwalimu wa shule ya msingi, wote wastaafu wa Mlalo, Lushoto. Tulikaa miaka miwili Wuppertal, Ujerumani, tukisaidia kufundisha vijana wa kipaimara, yaani wanaojiandaa kuthibitisha imani yao kanisani.

Kwetu Mlalo wamisionari Wajerumani wa Bethel walifika mwaka 1891, na babu yake mzee wangu alijifunza kusoma kwao. Basi wakati wa kufunga mizigo akasema anakwenda kulipa deni. Nikamwambia deni lilishalipwa zamani, wewe chukua soksi.

Asubuhi zetu hazikuwa na makuu. Uji, sala, kisha taka. Karatasi pipa la bluu, vifungashio la njano, maganda la kahawia. Nimefundisha watoto miaka 34, lakini mtihani wa mapipa yale nilifeli mwezi mzima. Jumapili moja, tumetoka ibadani, nikaketi kutwanga karanga za mboga. Sijafika mbali, jirani wa chini akabisha hodi. Kwa upole kabisa akanieleza kwamba Jumapili ni siku ya utulivu. Mke wa mchungaji anafundishwa Sabato akiwa ameshika mchi!

Mchana tulisoma Kijerumani. Majina yao yana ngeli tatu tu, na zote tatu zikanishinda, mimi niliyekulia kwenye ngeli tele. Vijana ndio waliotusahihisha, tena kwa raha zao. Nao tukawafundisha shikamoo. Mmoja alikuwa akiniamkia kila tukionana, hata mara nne kwa siku, maana “marahaba” ilimchekesha.

Darasa lilikuwa Jumanne saa kumi na nusu jioni, na Desemba saa hiyo giza limeanza kuingia. Tulikwenda kwa ile treni inayoning’inia juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901. Siku ya kwanza vijana walitusimulia habari za Tuffi, mtoto wa tembo wa sarakasi, aliyepandishwa treni hiyo mwaka 1950, akaruka akiwa njiani, akaangukia mtoni na kupona. Walikuwa wakitukodolea macho waone kama watu wa Afrika nao hushangaa tembo. Tulishangaa sana.

Huko wengi hupata kipaimara wakiwa na miaka 14 hivi, na umri huohuo sheria inamruhusu mtoto kuamua mwenyewe mambo ya dini. Mzazi hana tena la kusema. Hilo tuliambiwa mapema, ila hatukulielewa mpaka jioni moja mzee alipofundisha juu ya Azimio la Barmen, lililopitishwa mjini humohumo mwaka 1934, Wakristo walipokataa kanisa liwe chombo cha dola ya Hitler. Kijana wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono.

“Kama wale walifanya vema kukataa, na mimi naruhusiwa kukataa? Mimi siamini. Nakuja kwa sababu siku ya kipaimara bibi yangu atanipa pesa.”

Hakuna aliyecheka. Kwao lilikuwa swali kama maswali mengine. Mzee wangu, miaka 40 madhabahuni, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akasema kwa Kijerumani chake cha chekechea: “Leo sina jibu. Jumanne uje.” Jumanne ile kijana alitutangulia kufika, akawa anatutazama mlangoni tukihangaika na ufunguo.

Usiku, taa zimezimwa, mzee akaniuliza: “Mama, wale wa Mlalo walionikariria katekisimu bila kukosea neno, wangapi walikuwa hivihivi?” Nikajifanya nimelala.

Tumerudi mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita usharika ulimwomba asaidie darasa la kipaimara. Akaingia, akaitikia shikamoo zao, akauliza: “Nani humu haamini?” Kimya. Vichwa chini vyote, mwalimu wa kwaya akanitazama kana kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Darasa likaisha, wakatoka mbio kwenda kucheza mpira. Mmoja akabaki nyuma, akawa anapanga mabenchi ambayo yalikwisha kupangwa.