Fundi, antivirusi imemeza barua zetu zote

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Barua pepe za ofisi tunazisoma kwa Thunderbird. Jumanne asubuhi antivirusi ilitoa onyo jekundu kwamba imekamata trojani, nikabonyeza "sawa" kama kawaida. Kufungua Thunderbird, inboksi nyeupe! Ankara, hati za shehena, mazungumzo na wateja ya miaka mitatu, vyote havionekani. Kijana wa kompyuta aliyeletwa na bosi anasema dawa ni kuing'oa antivirusi. Pia, faili za Excel tunazopakua hufunguka na ukanda wa njano na hazikubali kuandikwa, lakini zikipitia flashi ukanda unatoweka. Kwa nini? – Karani, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, usiguse kitufe cha kufuta kwenye hiyo antivirusi. Nyingi huweka karantini kwanza, yaani hufungia faili pembeni bila kuifuta, na kama ndivyo ilivyofanya, barua zenu zipo.

Thunderbird, isipobadilishwa, haiweki kila barua kwenye faili yake. Inboksi nzima ni faili moja ya maandishi iitwayo Inbox, na kila barua inayoingia hubandikwa mwishoni pamoja na viambatisho vyake. Antivirusi imeona alama ya kirusi ndani ya faili hiyo, ikaibeba yote. Thunderbird kukuta faili haipo, ikaunda nyingine tupu. Nahisi mnatumia POP, njia ya kushusha barua zikae kwenye kompyuta yenu, kwa sababu kwenye IMAP, ambayo barua hukaa kwenye seva, zingeshuka tena kutoka huko.

Funga Thunderbird. Kwenye mipangilio ya antivirusi, iambie isikague folda ya Thunderbird iitwayo Profiles, la sivyo itainyakua faili tena ukiitoa tu. Kisha ingia karantini, tafuta Inbox, uirudishe mahali pengine, desktopu kwa mfano, usije ukafunika ile mpya yenye barua za wiki hii. Ibadilishe jina iwe Inbox-Zamani, uiweke kwenye folda ya Local Folders iliyo ndani ya Mail. Ukifungua Thunderbird itajitokeza upande wa kushoto na barua zake.

Sasa mtafute mwenyewe mkorofi. Kwenye kazi yenu mara nyingi huja kama ankara au risiti ya malipo, jina la faili likiishia na .pdf.exe, na Windows huficha hicho kipande cha mwisho ukadhani ni PDF. Usikifungue kiambatisho. Futa barua, mwaga kapu la taka, halafu bonyeza kulia kwenye folda uchague "Compact", yaani kuifinya faili. Hapa ndipo wengi wanapokosea: barua iliyofutwa hufichwa tu, maandishi yake hubaki ndani ya faili mpaka uifinye. Usipofinya, antivirusi itarudi kuikamata, nawe utaapa kwamba ina wazimu.

Ukimaliza, ingia mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya faragha na usalama, utie tiki panaporuhusu antivirusi kuweka karantini barua mojamoja. Tangu hapo kila barua itapita kwanza kwenye faili ya muda, ikaguliwe huko kabla ya kuingia Inbox.

Huyo kijana mshukuruni kwa kufika, ila ushauri wake msiufuate. Antivirusi imekosea namna ya kukamata, haikukosea nani wa kukamatwa. Kuiachisha folda ya Profiles si kubaki uchi, maana kiambatisho ukikifungua hunakiliwa kwanza kwenye folda ya Temp, na huko bado inakagua.

Ukanda wa njano si kazi ya antivirusi. Windows hutia alama iliyofichika kwenye faili iliyotoka intaneti, na Excel ikiiona hufungua faili kwa kusoma tu. Ukimjua mtumaji, bonyeza "Enable Editing" uendelee. Ukanda ukiwa mwekundu unaotaja makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), ambazo Microsoft ilianza kuzizuia mwaka 2022 kwa faili za intaneti, mpigie mteja simu kwanza. Flashi nyingi hupanga faili kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauna mahali pa kuhifadhi alama hiyo, kwa hiyo hudondoka njiani. Flashi haikusafisha chochote. Kama faili ilikuwa na sumu, imefika nayo vilevile, safari hii bila onyo.