Paa likifungwa, wachezaji wamehamia kiwanja kingine: nyasi, udongo na sakafu ngumu katika tenisi

Mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini Rafael Nadal alitwaa mataji 14 ya Roland Garros, mashindano ya Paris yanayochezwa kwenye udongo, lakini Wimbledon ya London, inayochezwa kwenye nyasi, akaambulia mawili, la 2008 na la 2010, ilhali mchezaji ni yuleyule. La pili ni kama mapaa ya kufungua na kufunga yaliyojengwa kwenye viwanja vikubwa yanampendelea mtu yeyote. Wachangiaji waliotangulia wamesema la kwanza ni suala la mazoea, na kwamba paa ni mwavuli wa kuzuia mvua na halina zaidi. Mimi nilianza tenisi Mombasa kwenye sakafu ngumu, si mbali na bahari, na sasa nafundisha vijana Nairobi kwenye viwanja vya udongo mwekundu. Tangu Mkenya Angella Okutoyi atwae taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, maswali haya nayasikia kila mara kutoka kwa watoto na wazazi wao. Naona majibu yaliyotolewa hayatoshi, hasa hilo la paa, kwa sababu paa likifungwa wachezaji wanakuwa wamehamishiwa kiwanja kingine bila kutoka walipo.

Tuanze chini, mpira unapogusa ardhi. Kwenye udongo msuguano ni mkubwa, hivyo mpira hushikwa, hupoteza kasi ya kwenda mbele na kuinuka juu. Mchezaji anayeupiga kwa mzunguko mkali wa kutoka chini kwenda juu, kama alivyofanya Nadal kwa mkono wa kushoto, humpelekea mpinzani wa mkono wa kulia mpira unaopanda hadi begani upande wake wa bekihendi, yaani ule wa kushoto, mahali ambapo si rahisi kuupiga kwa nguvu. Kwenye nyasi msuguano ni mdogo, mpira huteleza na kubaki chini, kwa hiyo sevu kali, yaani pigo la kuanzisha pointi, haipunguzwi sana, na aliyezoea kupiga akiwa amesimama wima hulazimika kukunja magoti mchezo mzima. Sakafu ngumu iko katikati, ingawa hapo katikati ni papana: rangi ya akriliki inayopakwa juu huchanganywa na mchanga, na mchanga ukizidi sakafu inakwaruza na kupunguza kasi, ukipungua mpira unakimbia. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi hupanga kasi ya viwanja katika makundi matano, kutoka taratibu hadi kasi, na sakafu ngumu mbili zenye rangi moja zinaweza kuangukia makundi tofauti. Kwa hiyo mtu akisema fulani ni mzuri kwenye sakafu ngumu, inafaa kumuuliza ni ipi.

Udongo wa Paris, kwa wasiojua, ni unga wa matofali mekundu yaliyosagwa, tabaka la milimita moja au mbili tu, lililotandazwa juu ya mawe ya chokaa yaliyosagwa, na chini yake matabaka mengine ya kupitisha maji. Kiwanja cha namna hiyo hakikai katika hali moja kwa siku nzima, na hili nalijua kwa kuishi nacho. Asubuhi mhudumu wetu humwagilia, hukokota wavu mzito kusawazisha unga, kisha hufagia mistari. Saa mbili asubuhi uwanja umeshikana, mchezaji anateleza anapotaka na kusimama anapotaka. Ikifika saa nane mchana katika jua la Februari, unga umekauka na kupeperuka, chini kumekuwa kugumu, na mpira uliokuwa ukisubiri mguu sasa unamkimbia. Mvua za Aprili zikija, mambo yanageuka: mpira unaokota udongo kwenye manyoya yake na kuvimba. Huwa nampa kijana mipira miwili, mmoja mpya na mmoja uliochezewa baada ya manyunyu, aipime mikononi kwa macho yaliyofumbwa. Hakuna aliyewahi kukosea kuutambua uliolowa.

Hapa nisahihishe jambo ambalo hata wachezaji wakubwa hulisema, kwamba siku yenye unyevunyevu hewa ni nzito. Kisayansi, hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lilelile. Kinachokuwa kizito ni mpira wenyewe, unaonyonya maji, na mwili wa mchezaji ambao jasho lake halikauki. Mwinuko nao una kazi yake. Mtoto akitoka Mombasa kuja Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mipira yake ya kwanza huenda nje ya mstari wa nyuma kwa sababu hewa ya huku inaukinza mpira kidogo tu, na ndiyo maana kanuni zinaruhusu mipira ya aina yake kwa mashindano ya mahali pa juu.

Sasa mapaa. Melbourne, wenye Australian Open, ndiyo waliotangulia: uwanja wao mkuu ulifunguliwa mwaka 1988 ukiwa na paa la kusogezwa. Wimbledon waliweka paa Centre Court, uwanja wao mkuu, mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya ile fainali ya Nadal na Roger Federer iliyokatizwa na mvua na kumalizika kama saa tatu na robo usiku kiza kikiingia, kisha wakaongeza la Court No. 1 mwaka 2019. New York, wenye US Open, walichelewa hadi 2016, ingawa fainali yao ya wanaume ilikuwa imesogezwa hadi Jumatatu miaka mitano mfululizo, 2008 hadi 2012. Sababu ni kwamba Arthur Ashe, uwanja mkubwa kuliko yote ya tenisi duniani, umejengwa juu ya ardhi laini na haukuweza kubeba uzito zaidi, hivyo paa likasimamishwa juu ya nguzo zake lenyewe. Paris walifunika uwanja mkuu mwaka 2020 na Suzanne-Lenglen, uwanja wao wa pili, mwaka 2024.

Paa likifungwa, vitu viwili huondoka mara moja: upepo na jua. Mtu anayesevu huurusha mpira juu na kuukuta palepale alipoutarajia, na hapofuki macho. Anayetegemea upepo kumvuruga mpinzani amenyang'anywa silaha. Aliyewahi kukaa jukwaani paa likifungwa atakumbuka pia kwamba mlio wa mpira hubadilika, unakuwa mzito na kurudi kutoka juu, na mchezaji huusikiliza mlio ule kujua mpira umepigwa vipi. Mwaka 2016, paa la New York likiwa jipya, Andy Murray alilalamika kwamba kelele za mvua juu yake zilimfanya asiusikie mpira. Kwa jumla anayefaidika ni yule mwenye sevu nzuri na mapigo ya bapa, yasiyo na mzunguko mwingi, karibu na mistari.

Mfano wa wazi ni fainali ya Wimbledon ya 2012. Murray alishinda seti ya kwanza, Federer ya pili, na seti ya tatu ikiwa 1-1 mvua ikanyesha, paa likafungwa. Ilikuwa mara ya kwanza fainali ya mchezaji mmoja mmoja ya pale kuchezwa chini ya paa. Federer alichukua seti mbili zilizobaki kwa 6-3 na 6-4. Sisemi paa ndilo lililompa taji, kwa kuwa alishaanza kuamka katika seti ya pili, lakini yeyote aliyeitazama mechi ile aliona jinsi sevu yake ilivyotulia ghafla.

Mfano unaonikera hadi leo ni nusu fainali ya Wimbledon ya 2018 kati ya Nadal na Novak Djokovic. Mechi iliyotangulia, ya Kevin Anderson na John Isner, ilidumu saa 6 na dakika 36, hivyo hawa wawili wakaanza usiku chini ya paa na kusimamishwa muda mfupi baada ya saa tano usiku, kwa sababu mamlaka ya eneo lile hairuhusu mchezo kupita saa hiyo. Kesho yake mchana jua liliwaka. Hata hivyo mechi iliendelea paa likiwa limefungwa, kwa kuwa ilianza hivyo na wachezaji wote wawili hawakukubaliana kulifungua; Nadal alitaka lifunguliwe. Djokovic akashinda seti ya tano 10-8. Naelewa hoja ya usawa, kwamba mechi iliyoanza katika hali moja iishie katika hali hiyo. Lakini mashindano yanayojitangaza kuwa ya nje na ya mchana yalipaswa kuona kwamba hali ya hewa ndiyo iliyorudi kuwa ya kawaida, na kwamba kumtaka mpinzani aridhie kuachia faida yake ni kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana.

Nyasi zenyewe nazo huumia. Tangu 2001 Wimbledon hutumia aina moja ya nyasi, rai, iliyokatwa kwa urefu wa milimita 8, nayo huhitaji upepo na jua ili ukavu wa juu ubaki. Mwaka 2021 siku mbili za mwanzo zilikuwa za mvua, paa likafungwa kwa muda mrefu, na siku moja Centre Court iliwaangusha watu wawili: Adrian Mannarino aliteleza na kuumia goti akicheza na Federer, kisha Serena Williams akateleza katika seti ya kwanza na kutoka akilia. Federer mwenyewe alisema alihisi utelezi umezidi kidogo chini ya paa. Pale wana mitambo ya hewa inayoweza kuhitaji hadi nusu saa baada ya paa kufungwa ndipo mchezo uanze, lakini mitambo haiwi upepo wa mchana.

Huko Melbourne paa hufungwa pia kwa joto. Fainali ya 2018 kati ya Federer na Marin Čilić ilichezwa ndani kwa sababu nje kulikuwa na nyuzi karibu 38, na Čilić alieleza baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kwa joto. Alipoteza seti ya kwanza 6-2 kabla hajazoea. New York, kwa upande wao, wamepata tatizo la kipekee: hata paa likiwa wazi, ule mfumo wa chuma umezunguka jukwaa lote na kuzuia hewa. Federer alipofungwa na John Millman mwaka 2018, usiku wa joto na jasho, alisema hakuna hewa iliyokuwa ikizunguka mle ndani. Mtu aliyekulia Mombasa anaelewa vizuri alichokisema.

Kuna mechi moja inayopinga kanuni yangu, nami siwezi kuificha. Mwaka 2020 Roland Garros ilisogezwa hadi mwishoni mwa Septemba na Oktoba kwa sababu ya korona, kukawa na baridi, mipira ikabadilishwa, na siku ya fainali paa jipya likafungwa kwa mvua. Watu wengi, nikiwemo mimi, tulisema mzunguko wa Nadal hautapanda na Djokovic atanufaika. Nadal alimfunga 6-0, 6-2, 7-5. Nionavyo, paa liliondoa urefu wa mdundo lakini halikuondoa tabia ya udongo ya kupunguza kasi. Mpira ulizidi hata kupungua kasi, Djokovic akakosa njia ya kumaliza pointi, akajaribu tena na tena kuudondosha karibu na wavu, na Nadal akaufikia. Paa huongeza kasi ya nyasi na sakafu ngumu kwa namna ambayo udongo uliolowa haukubali.

Swali la upendeleo, basi, nalijibu hivi: upendeleo mkubwa hauko ndani ya uwanja wenye paa, uko kati ya uwanja huo na vile vya nje. Wimbledon ina viwanja 18 vya mashindano na mapaa mawili. Mvua ikishika siku mbili, majina makubwa hucheza kama ilivyopangwa, wanapumzika siku yao, na wale wa viwanja vya pembeni wanarundikiwa mechi siku zinazofuata miili ikiwa bado imechoka. Hili halihitaji mapaa zaidi, ambayo gharama yake inajulikana; linahitaji mwamuzi mkuu awe na ujasiri wa kuingiza chini ya paa, siku ya mvua, mechi mbili za watu wasiojulikana ambao ratiba yao imebana kuliko ya bingwa mtetezi. Televisheni watanung'unika.