Maswali na majibu: Msuguano, breki na umbali wa kusimama

Nikizima pikipiki kwenye tambarare inaserereka kisha inasimama yenyewe, hata breki sijashika. Nini kinaisimamisha?

Msuguano. Uko kwenye beringi, kwenye mnyororo na pale tairi linapobonyea barabarani. Hewa nayo inakukinza. Nishati ya mwendo haipotei, inageuka joto. Ukishuka mlima kwa breki, sogeza kiganja karibu na diski bila kuigusa. Utalihisi.

Pasipo msuguano kitu kingekwenda tu?

Ndiyo. Chombo cha anga za mbali Voyager 1 kilirushwa na Marekani mwaka 1977 na hadi leo kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, bila injini ya kukisukuma. Huko hakuna hewa ya kukikinza.

Nikiongeza mwendo kutoka 50 hadi 100, umbali wa kusimama unaongezeka maradufu?

Tangu breki zinaposhika, unaongezeka mara nne, na hapa ndipo watu wanapofia. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima, gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 14 tangu breki ziliposhika. Kwa 100 ni karibu mita 56. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla hujakanyaga breki: kwa mwendo huo umeshapita mita 28 nyingine. Mvua ikinyesha msuguano unapungua sana, na tairi likiwa kipara maji hayapati pa kutokea, gari linateleza juu yake.

Lori lenye mzigo huchelewa kusimama kwa sababu ya uzito?

Si uzito peke yake. Mzigo unaongeza nguvu inayotakiwa kulisimamisha lori, lakini pia unayakandamiza matairi barabarani, msuguano ukaongezeka. Balaa liko kwenye joto. Ukishuka mlima mkali kama Kitonga umekanyaga breki mfululizo, zinachemka, zinanuka, mwisho hazishiki tena. Ingia gia nzito kabla ya mteremko, injini ikusaidie kulizuia gari. Na nakusihi, usitie nyutro eti unaokoa mafuta. Hapo umeziachia breki kazi yote.

Diski inalia. Nipake grisi?

Hapana, hata tone! Grisi inaua msuguano ule ule unaokusimamisha. Mwambie fundi afungue atazame pedi, huenda zimekwisha.